Mfupa Uliopita Motoni

Sogeeni hapa, wajukuu wangu. Mwenye redio aizime, mwenye maneno ayameze kwanza, na wewe uliyeshika huo mfupa wa kuku, urudishe kwenye sahani kabla paka hajauona. Usinikunjie uso. Sikukatazi kwa uchoyo. Kaa nikuambie, na ukishasikia, ukiona bado unataka kumpa, mpe kwa mikono yako mwenyewe. Yangu iko hapa mapajani, mnaiona inavyocheza, nayo imo ndani ya habari hii.

Nilipokuwa mtoto wa miaka kama tisa hivi, maana hakuna aliyeniandika popote, tulikaa Kaloleni, hapo Voi. Uhuru ulikuwa bado mpya, hata bendera ya kwa chifu ilikuwa haijapauka. Baba alikuwa fundi wa reli. Alitoka alfajiri na kurudi ananuka grisi. Mama alilima kunde ng'ambo ya mto, mvua ikinyesha analima, isiponyesha analima vilevile kwa ukaidi. Shule sikupelekwa. Ndugu yangu Maghanga alikuwa ananyonya na mtu wa kumbeba alitakiwa. Simlaumu mtu. Nasema tu ili mjue kwamba mchana kutwa nilikuwa nyumbani na nyanya, na nilichojifunza nilijifunza kwa masikio.

Nyanya Mkawasi alikuwa mama yake baba. Babu alipofariki, alishuka kutoka Mbololo akiwa na vitu vitatu: jiwe la kusagia, kigoda, na paka ndani ya kikapu. Watu walimcheka njia nzima. Nani anateremka mlima amebeba paka? Nyanya akawajibu, "Huko chini nasikia panya wana masharubu kama makarani. Mimi siendi bila askari wangu."

Paka huyo tulimwita Shangazi. Aliingia kila nyumba bila hodi, akafunua kila sufuria, na akinyimwa ananuna mpaka kesho. Lakini kazi yake aliijua. Magunia ya mahindi na mbaazi yaliyotoka mlimani, pamoja na mbegu ambazo nyanya alizifunga vitambaani na kuziweka juu ya dari, hayakuguswa na jino hata moja. Usiku alilala miguuni pa nyanya. Nyanya alikuwa mjane, na mjane miguu yake hupata baridi hata Voi penye joto vile.

Upande wa pili wa ua wetu wa minyaa alikaa Bi Rukia. Watu wake walikuwa wa Mombasa. Mumewe alimleta Voi, akafungua duka la vitambaa, kisha akafa akamwacha na sufuria kubwa ya mafuta, nayo ndiyo iliyomlisha. Alikaanga mahamri ya kuwauzia watu wa stesheni, na asubuhi harufu yake ilituamsha kabla ya jogoo. Ndiye aliyempokea Maghanga alipozaliwa, usiku wa mvua, mkunga mwingine asipatikane. Katikati ya ua palikuwa na pengo la kumtosha mwanamke mmoja kupita ubavu, na jioni kila mmoja alikuja na kiti chake, wakakaa hapo, huyu upande huu na yule upande ule, wakapitishiana vitu. Mahamri yanakuja, ndizi za mlimani zinakwenda.

"Kwawuka, Mkawasi!" Bi Rukia alikuwa akiita. Hiyo ni salamu ya asubuhi, ya kumuuliza mtu ameamkaje, nayo ndiyo neno pekee la Kidawida, lugha yetu ya mlimani, alilolijua, kwa hiyo alilitumia saa zote.

"Kwawuka ya saa kumi jioni?" nyanya alimjibu. "Kwenu Mombasa watu ndio wanaamka sasa?"

"Siye twaamka na swala, dada. Nyie wa milimani ndio mwalala hadi ukungu uwafukuze."

Walicheka kila siku kama ndiyo mara ya kwanza. Nilidhani wazee wote hucheka hivyo. Sasa nimezeeka, najua ni wachache wanaobahatika kuwa na mtu wa kurudia naye mzaha mmoja kwa miaka.

Jambo moja tu liliwatenganisha, nalo ni hilo ulilotaka kulifanya, mjukuu wangu. Mifupa.

Nyanya alikuwa na sheria yake. Siku ya nyama, tukishakula, mifupa yote ilikusanywa kwenye kata ya kibuyu, mimi nikaipeleka mekoni na kuifukia chini ya jivu katikati ya mafiga. Kabla ya kuondoka nilitakiwa kusema, "Rudi kwa moto wako." Nilipomuuliza sababu, alinieleza bila haraka, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kisimani.

"Mfupa mbichi ni wa mnyama. Mfupa uliopita motoni ni wa moto. Ukimpa paka, moto utaufuata tumboni kuuchukua. Na moto haubishi hodi."

Bi Rukia alisikia akapiga makofi. "Laiti moto wenu ungekuja kwangu, ningeokoa kuni! Mkawasi, paka na mfupa ni ndugu. Mbona wangu huwapa?"

Ni kweli aliwapa. Samaki walipoletwa na treni kutoka Mombasa, kabla hajapika alikata vichwa, akaviponda na mchi vingali vibichi, akachambua miiba kwa vidole, akaweka kwenye sahani ya udongo karibu na pengo. Paka wote wa mtaa walikuja hapo, Shangazi akiwa mbele kama mwenyekiti. Nyanya hakupenda. Alimwona samaki kuwa ndugu yake nyoka, hana miguu, hana kope, anakutazama tu. Lakini alikuwa hakatazi. Alisema, "Bora ni kibichi," akageuza uso.

Jambo jingine walikubaliana, mlima na pwani pamoja. Aliyemuua paka, mikono yake haitulii tena. Itatetemeka hadi aingie kaburini. Bi Rukia alisema hivyo, nyanya alisema hivyo, na mimi niliyekuwa katikati sikuona sababu ya kutia shaka.

Mwaka huo Shangazi alizaa watoto wawili nyuma ya pipa la maji, juu ya gunia. Walimnyonya mpaka mbavu zikahesabika. Jioni moja Bi Rukia aliinama penye pengo akamtazama, akasikitika.

"Kakonda mzazi huyu, jamani! Wakesho, mwanangu, mpe mfupa ale, apate maziwa."

Nilisikia neno moja: mfupa. Kwa Bi Rukia mfupa wa paka ulikuwa kitu kimoja tu, kile kichwa kibichi alichokiponda mwenyewe. Hakuhitaji kueleza zaidi, kama wewe usivyohitaji kueleza chai ni ya nini. Lakini nyumbani kwetu mfupa ulikuwa mfupa wowote, na kosa langu likapata nafasi hapo, kati ya mdomo wa mwanamke wa pwani na sikio la mtoto wa mlimani.

Jumapili iliyofuata mjomba Mwakio, kaka yake mama, alikuja kutoka Mraru na jogoo amemfunga miguu. Alikuwa mtu wa maneno mengi. Alipokabidhi jogoo alisema, "Huyu alikuwa anawika saa nane ya usiku, nikamwambia wewe unahitaji kwenda mjini, kwa wenye saa." Mama alipika kwa nazi ya Bi Rukia, na Bi Rukia alipelekewa paja lake kupitia pengo. Tukala. Ukiona watu wanakula kuku mara tatu kwa mwaka, utajua kula ni nini. Hakuna aliyesema kitu ila mjomba, naye alisema mdomo umejaa.

Mifupa ikakusanywa. Nikachukua kata, Shangazi nyuma yangu, anajisugua kwenye miguu, analia ile sauti ya kuvuta. Nilitazama mbavu zake. Nikakumbuka, mpe mfupa ale, apate maziwa. Nikafikiri pia, na hili ndilo linaloniuma, kwamba nyanya alikuwa mchoyo. Moto una tumbo gani la kushindana na mzazi? Nikazunguka nyuma ya pipa nikampa mfupa wa paja na miwili ya bawa. Alikula akifumba macho. Nilisikia inavyovunjika, kach, kach, nikafurahi. Nilidhani ile ndiyo sauti ya maziwa yanayotengenezwa.

Iliyobaki niliifukia jivuni. Nilisema "Rudi kwa moto wako" mara mbili, ili moto usigundue upungufu.

"Umerudisha yote?" nyanya aliuliza.

"Yote, nyanya."

Asubuhi yake Shangazi hakuja mlangoni. Tulimkuta nyuma ya pipa amejikunja mgongo, amefungua mdomo kama mwenye neno la kusema, na neno halitoki. Alitapika povu lenye damu. Watoto walimvuta chuchu naye hakuwa na nguvu ya kuwasukuma. Mama alijaribu kumtia samli mdomoni, ikarudi. Nyanya alipiga magoti kwenye tope la pipa na leso yake safi, akampapasa tumbo. Alipogusa mahali fulani paka alilia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mnyama.

Nyanya aliinua uso. "Wakesho. Umempa kitu?"

"Hapana."

"Basi nani amempa?"

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penyewe. Mimi sikumtaja mtu. Mpaka leo naweza kuapa mbele ya madhabahu kwamba sikumtaja mtu. Niligeuza macho tu. Yalikwenda kwenye ua, kwenye ile sahani ya udongo, ambayo ilikuwa na magamba ya samaki wa Jumamosi. Nyanya akayafuata macho yangu mpaka yalipotua.

Moyoni nilijitetea. Si yeye aliyesema nimpe? Si neno ni lake? Mtoto akitafuta wakili haendi mbali.

Shangazi alikufa Jumanne adhuhuri. Nyanya alichana leso yake katikati, akamvika nusu, tukamzika chini ya minyaa kama mtu. Halafu akatuita wote, mama akiwa na Maghanga mgongoni, mjomba Mwakio aliyekuwa anangoja gari la kurudi Mraru, na mimi. Akasema, "Nyoosheni mikono."

"Mama, huyu ni paka," mjomba alisema.

"Nyoosha, Mwakio. Ulimi wako tumeusikia siku tatu, leo mikono iseme."

Tukanyoosha. Ya mama ilitulia. Ya mjomba ilitulia. Nikanyoosha yangu, nikingoja ianze kucheza mbele ya watu wote. Haikucheza. Ilitulia kama jiwe la kusagia. Niliitazama kwa mshangao, vidole kumi vya mwongo, havina habari. Na mnajua nilifikiri nini? Nilifikiri basi si mimi. Kama ningekuwa mimi, ingetetemeka. Niliamini mikono yangu kuliko kumbukumbu yangu.

Jioni Bi Rukia akaja. Alikuwa ameugua homa siku mbili, hakujua hata kama tumezika, kilio cha watoto wa paka ndicho kilichomvuta. Alipita penye pengo ubavu, taratibu, ameshika bakuli la bati la buluu lenye maziwa ya mbuzi.

"Nimesikia Shangazi hajiwezi. Nimeleta tumaziwa twa wale wachanga, wasife njaa."

Akanyoosha bakuli. Na bakuli likatetemeka. Maziwa yalicheza ukingoni, yakamwagika, tone moja, mawili, juu ya mguu wa nyanya.

Nyanya hakupokea. Aliitazama ile mikono.

"Rukia, mikono yako ina nini?"

"Homa, dada. Na uzee. Tangu jana lanitoka jasho la baridi."

"Jana ndipo paka wangu alipoanza kuumwa."

Bi Rukia alicheka kidogo, akidhani ni ule mzaha wao wa kila siku umekuja na sura mpya. Halafu akaona hakuna anayecheka.

"Mkawasi. Waniambia mie nini?"

"Mimi sikuambii. Mikono yako imeniambia."

"Mie? Mie nimuue paka wako? Mie niliyeshika kitovu cha mtoto huyu?" Alimwonyesha Maghanga, na kidole nacho kilitetemeka. "Mikono hii ndiyo ilompokea! Ilikuwa safi siku ile?"

"Nakwambia kila siku kuhusu mifupa yako."

"Wallahi samaki wangu hana mwiba hata mmoja. Nimeitoa kwa vidole hivi. Wakesho, mwanangu, waniona kila siku. Sema."

Wote wakanigeukia. Nilikuwa mlangoni pa jikoni. Mikono yangu iliyotulia niliificha kwapani. Nyuma yangu mekoni kulikuwa na jivu, na ndani ya jivu mifupa yote ya jogoo isipokuwa mitatu. Ningeweza kuhesabu mbele yao. Ningeweza kusema maneno matano tu.

Nikasema, "Mimi sijui."

Bi Rukia aliinama, akaweka bakuli chini kwa mikono miwili ili lisimwagike zaidi, akarudi kwake. Alipita penye pengo bila kugusa tawi. Usiku ule nyanya hakulala, na asubuhi alikata matawi ya mgunga yenye miiba akaziba pengo, akakanyagia kwa mguu mpaka miiba ikamchoma. Hakulia. Alisema tu, "Basi."

Neno likatembea mtaani, kama maneno yanavyotembea, bila viatu. Wako waliosema mahamri ya mikono inayotetemeka hayaliwi. Homa ilimtoka Bi Rukia lakini mtetemo haukutoka tena. Nadhani ulikuwa umeshaanza kabla, kidogo kidogo, na hatukuuona kwa sababu hatukuwa tukiutafuta. Harufu ya asubuhi ikapungua. Baadaye ikawa siku nyingine haipo kabisa.

Mtoto mmoja wa Shangazi alikufa. Mwingine alipona kwa maziwa yale ya bakuli la buluu, kisha ya mbuzi wa jirani.

Kabla mwaka haujageuka, mpwa wa Bi Rukia alikuja kumchukua ampeleke Mombasa. Mizigo ilipakiwa kwenye mkokoteni wa kwenda stesheni. Mimi nilikuwa uani nasuka ukili, nyanya yuko kwenye kigoda chake, mahali pake pa zamani, mgongo ameupa ua. Upande wa pili tukasikia nyayo zinakuja, zikasimama penye miiba.

"Kwawuka, Mkawasi."

Ilikuwa jioni. Jua lilikuwa linashuka. Nilimwona nyanya kidevu kikitikisika, nilidhani atasema, kwenu ndio mnaamka? Hakuugeukia ua. Nyayo zikangoja. Nilihesabu mafundo ya ukili, moja, mbili, mpaka tisa. Kisha zikaondoka.

Miaka ikaenda. Nikawa msichana, nikaposwa na mtu wa kule Salaita, babu yenu. Nyanya alikuwa ameanza kulala mchana, dalili ya wazee wanaojiandaa. Siku chache kabla ya harusi nilikuwa namkanda miguu kwa mafuta, ile miguu iliyokosa paka, nikaona siwezi kwenda kwa watu na kitu hiki kooni. Nikasema yote. Mfupa wa paja, miwili ya bawa. Maneno niliyoyasema mara mbili. Macho niliyoyageuza.

Alinisikiliza amefumba macho. Nilidhani amelala.

"Najua," akasema.

"Unajua nini, nyanya?"

"Masika ya mwaka ule ule tulihamisha pipa, ndugu yako alipokuwa anatambaa. Chini yake nilikuta vipande. Vimechongoka kama sindano, vimekauka. Mfupa wa kuku naujua. Na samaki hana paja."

Mikono yangu ilisimama juu ya mguu wake. Masika yale Bi Rukia alikuwa bado yupo. Alikuwa upande wa pili wa ua, hatua kumi.

"Mbona hukusema?"

"Wewe mbona hukusema?"

Kuku walikuwa wanaparuza uani. Akasema, na sauti haikuwa ya kunigombeza, "Nilikuwa nakungoja wewe. Nilitaka uje mwenyewe useme, tuondoe ile miiba tukiwa wawili, twende wote. Peke yangu niliona haya. Kila siku nilisema, leo mtoto atasema. Hata siku ile ya mkokoteni."

Tulimtuma baba atoe salamu kwa watu wa treni za Mombasa, wamtafute Bi Rukia kwa mpwa wake. Jibu lilichukua wiki tatu. Alikuwa ameshazikwa, mvua mbili zimepita juu ya kaburi lake.

Nikiwa Salaita, mama wa watoto watano, alikuja daktari wa mifugo kuwatazama mbuzi wetu. Alipomaliza nilimuuliza kama mfupa unaweza kumuua paka. Akacheka. "Mama, nimeitwa kwa mbuzi." Lakini alipoona sicheki alinieleza. Akasema mfupa uliopikwa hupoteza ulaini wake, ukitafunwa unapasuka vibanzi vikali, vinachana koo na matumbo, na wa kuku ndio mbaya zaidi. Mbichi una afadhali, unapindika, ingawa nao ni wa kuangalia, hasa miiba ya samaki. Nikamweleza habari za nyanya na za Bi Rukia. "Aliyewakataza mfupa wa kupikwa alikuwa na akili," akasema. "Na aliyekuwa akitoa miiba kwenye kichwa kibichi naye alikuwa na akili."

Alipoondoka nilikaa kwenye kigoda mpaka mbuzi wakaanza kulalama. Wale wazee wawili walikuwa wakisema jambo moja kwa midomo miwili. Moto wa nyanya ulikuwa wa kweli. Ulikuwa na umbo la kibanzi tu. Ila lile la mikono lilikuwa uongo. Liliniachilia mimi niliyeua, likamfunga aliyekuja na maziwa. Watu wetu wa zamani walijua mengi, na siwezi kuwacheka. Lakini walituachia kweli na uongo katika kapu moja, na mtoto akitaka kujificha, huchagua upande unaomfaa.

Nyanya alipotutoka, Maghanga alirithi shamba la Mbololo, na mpaka leo anavuna mbaazi pale. Mama alichukua jiwe la kusagia. Mimi nilipewa kigoda hiki nilichokikalia, na yule paka aliyepona kwa maziwa. Huyu anayekodolea macho sahani yako ni wa uzao wake, wa kumi au wa ishirini, sikumbuki. Chini ya kitanda cha nyanya tulikuta bakuli la bati la buluu, limefungwa katika ile nusu ya leso iliyobaki. Hakuwahi kulirudisha, wala kulia chakula ndani yake. Hilo nalo nilichukua. Liko pale juu ya kabati, na nikienda nitamwachia huyu mwenye mfupa mkononi.

Na mikono? Ilianza mwaka niliofiwa na babu yenu, kwanza kwa kijiko, kisha kwa kikombe. Daktari wa zahanati anasema ni uzee, ananipa vidonge, na mimi namwamini. Lakini jioni nikibeba chai ikanimwagikia mguuni, huwa nasema kwa sauti ndogo, mtu asinisikie, "Kwawuka, Bi Rukia." Hiyo ndiyo mikono yake. Niliirithi mimi peke yangu.